Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kupiga picha,

Taarifa hii ilikuwa isomwe saa tatu asubuhi. Mstari huu nimeuongeza hapa mezani, saa tano kasorobo, baada ya akidi kutimia. Hilo nitalirudia.

Shughuli za kawaida mnazijua. Matembezi ya kupiga picha yalifanyika mara 9, mafunzo ya wapya mara 2, kufuli la stoo limebadilishwa, na mwenzetu mmoja tulimzika. Mengine yamo kwenye taarifa ya Katibu.

Niende kwenye jambo lililowaleta wengi wenu leo. Ni kweli, Maonyesho Makuu hayakufanyika mwaka huu. Ni kweli pia kwamba kura za kamati kuhusu maonyesho hayo zilifungana, 4 kwa 4, nami nikapiga kura ya uamuzi kama katiba inavyoniruhusu. Maneno kwamba "Mwenyekiti ameiteka kamati" yamenifikia. Kumbukumbu za kikao zipo, anayetaka azisome.

Maonyesho yalikuwa yanajaza ukumbi, sikatai. Mwaka juzi nilikaa mlangoni mwenyewe na daftari, nikaandika majina ya wageni 212. Miezi mitatu baadaye waliokuwa wamerudi kwenye shughuli zetu walikuwa 6, na wawili kati yao ni wapwa zangu. Mgeni alitazama picha, akasifu, akaenda zake. Hakuna aliyemuuliza jina mara ya pili wala kumwambia tunakutana tena lini. Huku nyuma waliobeba viti walikuwa wale wale wanne wa kila mwaka, na mfuko ulibaki mtupu hadi ada mpya zianze kuingia. Wawili kati ya hao wanne wameacha chama. Niliwauliza sababu, wakasema wamechoka.

Ndipo tukaanzisha Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Siku haibadiliki, saa haibadiliki, mahali ni pale pale, tuwe 40 au tuwe 4. (Ile ya mvua kubwa tulikuwa 4 kweli, na tulikaa.) Kila mtu analeta picha moja aliyoichapisha, inazungumzwa. Mgeni akija mara ya pili anapewa kazi: afungue mlango, atundike picha, au ampokee mgeni mwenzake. Mtu anayesubiriwa na ufunguo hakosi kirahisi.

Walioniita mpunguza chama wakumbuke wengine walivyoanza. Mwaka 2004, katika bustani ya Bushy Park, London, Paul Sinton-Hewitt aliwakusanya wakimbiaji 13 kwa mbio za kilomita 5, bila kiingilio, watu wa kujitolea wakishika saa. Wakarudia Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Leo mbio hizo, ziitwazo parkrun, ziko katika nchi nyingi duniani. Rotary, chama cha kuhudumia jamii, nayo ilianza Chicago mwaka 1905 na watu wanne, wakikutana kwa zamu katika ofisi zao, na jina lenyewe limetokana na kuzunguka huko. Hakuna kati yao aliyeanza kwa kukodi ukumbi mkubwa.

Kwetu, Jumamosi 10 zimeleta wapya 19 waliofika angalau mara tatu, na 11 wamekwisha kuchukua kadi. Sisemi ni kazi yangu peke yangu. Ila daftari la mahudhurio nililianzisha mimi, na simu za kuwaulizia wasioonekana nimezipiga kwa salio langu.

Wazee wetu ambao picha zao zilikuwa zikionekana mara hiyo moja tu kwa mwaka wana haki ya kuumia. Barua ya kuwaarifu ilichelewa, na kwa kuchelewa huko naomba radhi. Kwa uamuzi wenyewe siombi.

Sasa mahudhurio. Mwaliko wa mkutano wa katikati ya mwaka ulipata vidole gumba 58 kwenye kundi la WhatsApp. Ukumbini tulikuwa 14, kamati ikiwemo. Na ada: daftarini tuko 126, waliolipa yote ni 71, waliolipa nusu 18, na 37 hawajatoa hata senti. Watatu kati ya hao 37 wametia saini barua ya kutaka nijiuzulu. Sitawataja, wenyewe wanajijua. Niliipokea barua, nikaijibu, na nilipowakumbusha ada hawakunijibu.

Mwakani tunatumaini maonyesho yatarudi kwa sura ndogo, pengine kwa picha zilizopitia Jumamosi zetu, hali ya mfuko ikiruhusu. Lipo pia wazo la kuwashirikisha vijana zaidi, ambalo kamati ijayo italitazama.

Kitabu cha risiti kiko kwa Mweka Hazina, meza ya kushoto. Atakuwepo hadi saa nane.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti