YAH: MALALAMIKO KUHUSU SWICHI MBILI MLIZOTUFUNGIA MOSHI

Kutoka: Afisa TEHAMA wa hoteli, Shanty Town, Moshi
Kwa: Meneja wa Huduma kwa Wateja, Tawi la Arusha

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Mei mafundi wenu walitufungia swichi mbili (vifaa vya kuunganisha kompyuta na mashine nyingine kwenye mtandao), moja chumba cha seva nyuma ya mapokezi, nyingine jengo la wageni lenye jiko. Tulikubaliana ziunganishwe kwa kebo mbili zinazofanya kazi kama laini moja, ili kebo moja ikikatika nyingine ibebe kazi. Tumelipa fedha yote. Kadi ya kazi niliyosaini inasema: "Laini mbili zimeunganishwa, zimejaribiwa, sawa." Hazikuwa sawa, na naamini aliyeandika alijua.

Jumamosi moja ya Julai, saa 12 na nusu asubuhi, wageni 14 walikuwa wanajiandaa kwenda geti la Machame. Dada wa usafi aliona kebo inaning'inia nyuma ya kabati. Ilikuwa na lebo ya 24, na tundu la 24 lilikuwa tupu, akaichomeka. Simlaumu hata kidogo. Taa za swichi zote mbili zikaanza kumeta kwa pamoja, harakaharaka, bila kupumzika. Simu za mapokezi zikakata, printa ya jikoni ikanyamaza, mashine ya kadi ikagoma. Wageni wakasimama na mabegi yao karibu saa nzima, waongozaji na wapagazi wanasubiri garini, mimi naandika bili kwa mkono.

Nenosiri la swichi nililipata baada ya kuwaomba mara tatu. Nilichokikuta ndani ndicho kiini cha barua hii. Poti (matundu) za 23 na 24 zimewekwa LACP, utaratibu wa swichi kukubaliana kuunganisha kebo kadhaa ziwe laini moja, pande zote mbili, lakini kote kwa hali ya kusubiri. Ni kama watu wawili wanaongojana nani amwamkie mwenzake kwanza: salamu haitolewi. Kwa hiyo laini moja haikuundwa kamwe. Zilibaki kebo mbili mbalimbali kati ya swichi mbili, yaani mzunguko.

Spaningi trii, yaani utaratibu wa swichi wa kuzuia mizunguko, iliuona mzunguko huo na kufunga poti ya 24, kama ilivyopaswa. Mhandisi wa kompyuta Radia Perlman aliibuni mwaka 1985 kwa tatizo hilihili, maana fremu ya Ethaneti (kifurushi cha data kinachopita kwenye kebo hizi) haina kikomo cha safari, tofauti na pakiti ya IP, ile ya intaneti. Ikipata mzunguko inazunguka na kuzaliana mpaka kebo ing'olewe. Fundi wenu alidhani poti iliyofungwa ni hitilafu. Kumbukumbu zilizohifadhiwa kwenye seva yetu zinaonyesha alasiri ileile ya ufungaji spaningi trii ikizimwa kwenye swichi zote mbili, na dakika mbili baadaye poti ya 24 ikikatika. Mtandao ulianguka mbele ya macho yake, akachomoa kebo, akaiacha inaning'inia, akaandika "sawa". Angeniambia tu kwamba kazi imemshinda, ningemngoja hata wiki mbili.

Naomba mtume fundi mwingine ndani ya siku 7. LACP iwe hai pande zote mbili, na spaningi trii irudishwe, ile ya RSTP, toleo lake la haraka zaidi, kwa sababu ile ya zamani inaweza kuchukua sekunde 30 hadi 50 kurudisha mtandao. Swichi ya chumba cha seva ipewe kipaumbele 4096 (namba ndogo ndiyo hushinda) ili iwe mzizi, yaani swichi kiongozi wa spaningi trii. Sasa zote mbili ziko 32768 kama zilivyotoka kiwandani, hivyo mzizi unaamuliwa na anwani ndogo ya MAC, ile namba ya kifaa ya kutoka kiwandani, jambo ambalo hakuna aliyelichagua. Poti za vyumbani ziwekewe ulinzi wa BPDU, unaofunga poti ikipokea ujumbe wa spaningi trii kutoka swichi ngeni. Wageni wengine huja na viswichi vyao. Kisha kebo moja ichomolewe mbele yangu huku pingi (jaribio la kutuma ujumbe na kungoja jibu) inaendelea, irudishwe, halafu na ya pili kwa zamu yake. Bila jaribio hilo sitasaini kadi nyingine.

Jambo jingine: muuzaji wenu alituahidi kila kompyuta itapata kasi ya gigabiti 2 kwa sekunde. Sivyo. Mawasiliano ya kompyuta moja na seva kwa kawaida hupita kebo moja tu. Msiwaahidi hivyo wateja wengine.

Ankara ya shilingi 180,000 ya "wito wa dharura" mliyotuma wiki iliyopita nairudisha pamoja na barua hii. Hatutailipa.

Wenu,
Afisa TEHAMA