Kabla hujaja kununua bunduki: yanayokwamisha Fomu 4473

Dukani kwetu hapa Texas, kinachokwamisha mauzo mara nyingi ni anwani. Fomu 4473 ya ATF (idara ya shirikisho inayosimamia silaha), ambayo mnunuzi huijaza kwa kila muuzaji mwenye leseni ya shirikisho, inataka mahali unapoishi sasa. Sanduku la posta halikubaliki. Kama leseni yako ya udereva bado ina anwani ya zamani, njoo pia na hati ya serikali yenye anwani mpya, mfano usajili wa gari. Mkataba wa nyumba hautoshi.

Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua, ila asisahau namba yake ya A, yaani ile ya uhamiaji. Aliye kwa viza ya muda, kama ya masomo au utalii, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa awe na leseni hai ya uwindaji.

Fomu ikishajazwa, tunawauliza FBI kupitia NICS, mfumo wao wa kuchunguza rekodi za wanunuzi. Jibu huwa ni endelea, subiri au amekataliwa. "Subiri" huwashtua watu bure: huenda jina na tarehe ya kuzaliwa vimefanana na vya mtu mwenye rekodi, na walioandikiwa kuwa wamezaliwa Januari 1 kwenye karatasi za ukimbizi wako karibu zaidi na tatizo hili. Namba ya Social Security ni hiari, lakini iandike, maana ndiyo inayokutenga na wenye jina kama lako. Siku 3 za kazi zikipita bila jibu la mwisho, sheria ya shirikisho inaturuhusu kukukabidhi silaha, haitulazimishi. Siku ya kuuliza haihesabiwi: tukiuliza Jumatatu, basi ni Ijumaa. Kwa aliye chini ya miaka 21, tangu 2022 uchunguzi unaweza kufika siku 10 za kazi. Mwenye kibali cha Texas cha kubeba bastola hujaza fomu lakini NICS haiulizwi. Kwa hiyo kibali bado kina faida, japo tangu Septemba 2021 wengi hawakihitaji tena.

Tusichokubali kamwe ni kumnunulia mtu. Shemeji akikupa pesa umchukulie bastola, mnunuzi halisi ni yeye, hata kama rekodi yake ni safi. Katika kesi ya Abramski ya 2014, alimnunulia bastola mjomba wake aliyeruhusiwa kumiliki silaha, na Mahakama ya Juu ya Marekani bado ikaona ni kosa. Sheria ya 2022 imepandisha adhabu ya kumnunulia mtu aliyekatazwa kumiliki silaha hadi miaka 15 jela. Zawadi kwa pesa yako mwenyewe ni halali, mradi anayepewa hajakatazwa.

Fomu inauliza pia kuhusu bangi. Kibali cha jimbo cha kutumia bangi hakikuokoi hapo.

Mkazi wa jimbo lingine hatuwezi kumkabidhi bastola. Tunaituma kwa muuzaji mwenye leseni kwao. Bunduki ndefu inawezekana, sheria za majimbo yote mawili zikiruhusu. Ukihamia California, una siku 60 za kuripoti silaha zako, na magazini za zaidi ya risasi 10 usiende nazo. Illinois utahitaji kadi ya FOID, kibali cha jimbo cha kumiliki silaha.