Mjane wa miaka 54 na fundi wa miaka 33: filamu yetu tuimalizeje?

Mhariri, assalamu alaikum.

Tuna muswada wa filamu fupi hapa Lamu, kurasa 20 kwa dakika 20, nao umekwama kwenye kurasa tatu za mwisho. Mhusika mkuu ni mjane wa miaka 54. Fundi wa milango wa miaka 33 anakuja kumtengenezea ubao wa mlango uliooza chini, wanazoeana, na kazi ikiisha fundi anapeleka posa. Mwanzo huo hauna mpinzani. Anayetukodisha kamera kwa bei nafuu anataka mwishoni fundi aibe dhahabu na kutoroka. Mzee anayetushauri anataka mjane amwachie kijana binti wa dadake, mwenye miaka 25.

Zote mbili tunazikataa, maana zimeshachezwa mno. Katika Sunset Boulevard ya 1950, Norma Desmond, mwigizaji wa miaka 50, anampiga risasi kijana wake na akili inamruka. Katika The Graduate ya 1967, kijana anamwacha Mrs. Robinson na kumfuata binti yake. Katika Harold and Maude ya 1971, Maude anameza vidonge siku anapotimiza miaka 80. Mwanamke akimpenda mdogo wake hutozwa akili, binti au roho. Mwanamume hatozwi kitu: katika Entrapment ya 1999, Sean Connery alimzidi Catherine Zeta-Jones miaka 39, na mwishoni wanaondoka pamoja.

Hata uzee wenyewe huwa wa kubandika. Anne Bancroft aliyecheza Mrs. Robinson hakumzidi Dustin Hoffman hata miaka 6, na Katharine Ross, binti yake kwenye filamu, alikuwa mdogo wake kwa miaka 8 tu. Sisi tuna waigizaji wawili wa kuchagua: mmoja wa Mombasa, miaka 34, na mmoja wa hapa hapa, miaka 51. Tunamtaka wa pili. Mikunjo ya kuchora haiendi na uso: mtu akicheka, mikunjo ya kweli hujikusanya penye macho, ile ya rangi hubaki ilipochorwa, na kwa jasho la huku poda hushikana vipande vipande kabla hata ya kurudia picha.

Huyu wa 51 ana sharti: asiguswe, wala asiwekwe chumbani peke yake na mwanamume. Sharti hili limeunusuru muswada. Fundi anafanya kazi dakani, yaani kwenye kibaraza cha mlangoni, ubao umeng'olewa, pazia limetundikwa, na mjane yuko ndani anazungumza naye bila kuonekana mpaka ukurasa wa 7. Kahawa inapelekwa na mtoto wa jirani.

Kwa taa hatuna shida kubwa, ila tunaomba wenye uzoefu watukosoe. Vichochoro vya mtaa wetu wa Mkomani ni vyembamba, jua hufika chini adhuhuri tu, nalo likianguka utosini hutia giza chini ya macho. Saa hiyo hata msichana huonekana mgonjwa. Kwa hiyo picha zake ni za asubuhi, au ndani, ameketi mita 2 kutoka kiwandani (uwanja wa ndani ya nyumba ulio wazi juu) akikielekea, kuta za chokaa zikirudisha mwanga. Lenzi ni ya milimita 50 au 85, kamera ikiwa usawa wa macho. Kosa linaloharibu filamu nyingi ni kumpiga picha kijana kwa lenzi ya 85 kwenye mwanga laini, kisha mwanamke kwa 24 kwa karibu, pua ikavimba, halafu lawama ukabebeshwa umri wake. Wote wawili watapata lenzi moja na mwanga mmoja.

Sheria nayo tumeipima. Ni rahisi kumpa mwanawe wa kiume uwalii, yaani usimamizi wa ndoa, ili akatae, lakini kwa madhehebu ya Shafii mwana hawi walii wa mamake kwa sababu tu ni mwanawe. Baba na babu wa mjane wamekufa, basi walii ni kaka yake. Akikataa bila sababu ya kisheria, kuna kadhi. Nyumba nayo alipewa na babake alipoolewa, kwa desturi ya zamani ya Lamu. Ingekuwa ya marehemu mumewe angepata thumni (sehemu moja kwa nane) tu, na hadithi ingegeuka kesi ya mirathi. Wanawe hawana silaha ila aibu: wanaacha kuja kula Ijumaa.

Mwenye kamera anasema watazamaji hawatasadiki. Anatukumbusha Paradies: Liebe ya Ulrich Seidl, ya 2012, iliyopigwa Pwani ya Kenya, kuhusu mwanamke wa Austria na vijana wa ufukweni. Ile ni habari ya pesa baina ya mgeni na mwenyeji. Ili isichanganywe na yetu, fundi analipwa salio lake lote mbele ya kamera, kisha siku nyingine anarudi na wazee wake. Tena mji unaosoma Maulidi kila mwaka unajua kuwa Bi Khadija, kwa riwaya iliyo mashuhuri, alikuwa na miaka 40 na Mtume (S.A.W.) 25, na posa ilianzia upande wake.

Sasa tumebaki na njia mbili. Mjane lazima aitamke ridhaa yake kwa mdomo, kimya chake hakitoshi kama cha mwanamwali. Basi tukate pale pale anapojibu? Au twende kama mwongozaji Mjerumani Fassbinder katika Angst essen Seele auf ya 1974, ambapo Emmi, mjane mzee, na Ali, mhamiaji mdogo wake kwa miaka mingi, wanaoana mapema, watoto wanachachamaa, na tunaiona ndoa yenyewe na taabu zake? Njia ya kwanza inatosha kurasa tatu. Ya pili ina ukweli zaidi, lakini itadai dakika kama 10 za ziada na wanawe warudi mezani kwa sababu inayoaminika, ambayo bado hatujaipata. Mngekuwa nyinyi mngeshika ipi, na hao wana mngewarudishaje?

Waandishi wa muswada,
Mkomani, Lamu