Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wanachama wenzangu, hamjambo. Hesabu atazisoma mweka hazina, nami sitamwingilia. Kodi ya ukumbi imelipwa na hatudaiwi na mtu.

Mwaka huu tuliamua kusoma matokeo ya utafiti wa homoni sisi wenyewe, badala ya kungoja yatufikie yakiwa yameshageuka uvumi wa kwenye matatu. Najua wapo walionung'unika kwamba nimegeuza chama kuwa darasa. Nakubali kosa hilo, na nitalirudia.

Tulianza na kukoma hedhi. Mwenzetu mmoja wa hapa Umoja, mwenye miaka 49, alikwenda kliniki kulalamikia joto la ghafla na kukosa usingizi. Akaambiwa dawa za homoni za kutuliza dalili hizo huleta saratani, arudi nyumbani, huo ni umri tu. Dakika tano zilitosha.

Tukaifuata kauli hiyo hadi ilikotoka. Ni utafiti wa Marekani wa wanawake 16,608, nusu wakimeza dawa mbili za homoni, estrojeni pamoja na projestini, nusu vidonge visivyo na dawa. Ulisimamishwa Julai 2002 kabla ya wakati wake. Katika kila wanawake 10,000, waliopata saratani ya matiti kwa mwaka walikuwa 38 kwa waliomeza homoni, na 30 kwa wasiomeza. Hao wanane si wa kupuuzwa. Lakini wastani wa umri wa wanawake hao ulikuwa miaka 63, na wengi waliacha kuona siku zao kitambo. Mwenzetu wa miaka 49 si wao! Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba kwa wanaoanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, wengi hufaidika kuliko kudhurika. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuondoa onyo zito lililokuwa kwenye pakiti za dawa hizi za homoni. Hata hivyo, aliyewahi kuugua saratani ya matiti au damu kuganda asikimbilie dawa hizi. Na mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni peke yake, maana utando wa ndani ya mfuko hunenepa na unaweza kuzua saratani.

Tangu siku hiyo, kila tukiletewa utafiti, swali la kwanza ukumbini ni: waliopimwa ni kina nani?

Ndiyo maana kikao cha mabinti kilitufaa sana. Kwa miaka mingi ilisemwa sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi humfungulia mwanamke mlango wa virusi vya UKIMWI. Utafiti ulioitwa ECHO, wa kupima dai hilo, uliwahusu wanawake 7,829 wa miaka 16 hadi 35 kutoka Kenya, Eswatini, Zambia na Afrika Kusini. Wa kwetu walikuwa Kisumu. Sindano ililinganishwa na koili ya shaba na kipandikizi cha mkononi. Matokeo yalitoka Juni 2019: hakukuwa na tofauti kubwa ya hatari kati ya njia hizo tatu. Ukumbi ulipiga makofi. Mimi sikupiga, kwa sababu kwenye karatasi ile ile niliona kwamba karibu wanne katika kila mia waliambukizwa kwa mwaka, njia yoyote waliyotumia. Hilo halikuzungumzwa vya kutosha, na lawama ni yangu niliyeongoza kikao.

Vikao viwili vilivunjwa na mvua. Cha fibroidi, yaani uvimbe wa mfuko wa uzazi, tutakirudia Februari, saa nane kamili, si saa nane ya Nairobi.

Ombi la kuwaruhusu waume kuhudhuria kikao cha kukoma hedhi limo kwenye ajenda. Nitaliunga mkono. Wangu amelala na blanketi mbili tangu Machi, dirisha likiwa wazi usiku kucha, na bado hajathubutu kuuliza kwa nini.