Sitaki uwe pensheni yangu

Mwanangu Tumaini,

Kamwene. Huku Njombe baridi imeanza kuuma, ila sisi wazima na mgongo wa mama yako umepata nafuu.

Shilingi 200,000 ulizotuma kwenye mshahara wako wa kwanza zimefika. Mama yako alipiga vigelegele peke yake jikoni. Mimi nilikaa nje nikiitazama ile meseji hadi giza likaingia. Barua hii nimeiandika kwa sababu ya hela hiyo.

Kwenye simu huwa nakuambia huku hali ni nzuri. Leo nakuambia kwa hesabu.

Nilianza kufundisha mwaka 1992. Sisi tuliokuwa PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, hesabu ya mafao tuliijua kwa kichwa: miezi ya utumishi gawanya kwa 540, zidisha kwa mshahara wa mwaka, nusu ya jibu izidishwe kwa 15.5, hicho ndicho kiinua mgongo chako. Kwa miezi 396 na mshahara wa 900,000 kwa mwezi nilikuwa napata shilingi 61,380,000. Niliiandika namba hiyo nyuma ya daftari la maandalio ya somo. Juu yake nikachimba msingi wa nyumba ya vyumba vitano, nikakopa benki kuinua kuta, makato yakafika pale ambapo mshahara unaobaki ni ile theluthi moja tu. Kila mwenye deni nilimwambia, subiri nistaafu.

Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma ikaunganishwa, tukaingia mfuko mpya, PSSSF. Kikokotoo kipya, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kikaja, watu wakalia, kikasimamishwa mwisho wa mwaka huohuo. Tukashangilia shuleni kana kwamba jambo limekwisha. Julai 2022 kikarudi: kugawanya ni kwa 580, kuzidisha ni kwa 12.5, na mkupuo, yaani kile kiinua mgongo, ni asilimia 33. Bajeti ya 2024 ikatupandisha hadi asilimia 40, na mimi nikastaafu 2025 nikiwa nimetimiza miaka 60. Nilipokea 36,868,000 na ushee.

Niliumia, Tumaini. Bado naumia, kwa sababu nilitumikia miaka 33 nikiahidiwa kitu kingine. Lakini kosa langu mimi ni hili: miaka saba kabla ya kustaafu nilishaona upepo umebadilika, na sikulifungua tena lile daftari kupiga hesabu upya. Niliendelea kukopa kwa namba ya zamani. Benki ilichukua chake, fundi bati chake, mwenye duka la vifaa chake. Ndani ya miezi saba hela ilikwisha, na nyumba ina bati lakini haina madirisha.

Kinachotulisha leo ni pensheni ya kila mwezi, 368,000 na kidogo. Kwa kanuni ya zamani ingekuwa 330,000. Tulipigania mkupuo kwa nguvu zote na hakuna aliyeuliza habari ya mwezi, wakati sukari inanunuliwa kila mwezi. Kadi ya bima ya afya ya NHIF bado inanihudumia mimi na mama yako, na mgongo wake umetibiwa kwa kadi hiyo. Na ile ekari ya paina tuliyopanda ukiwa darasa la tatu, wewe ukilalamika miche inakuchoma mikono, ndiyo itamlipia mdogo wako ada ya chuo. Hiyo niliipanda bila mkopo, bila kumsubiri mtu.

Sasa wewe. Uko kampuni binafsi, kwa hiyo mfuko wako wa pensheni ni NSSF. Kila mwezi inatakiwa iingie asilimia 20 ya mshahara wako, ile 10 inayokatwa kwako na 10 ya mwajiri. Kukatwa kwenye hati ya mshahara si kufika kwenye mfuko. Baba yako mdogo alikatwa miaka sita, kwenda kuangalia akakuta mwajiri amepeleka michango ya miaka miwili. Omba taarifa ya michango yako kila baada ya miezi mitatu, na ukiona mwezi umerukwa uliza mwezi huohuo, maana kampuni ikishafungwa utamuuliza nani? Pensheni ya uzee inataka michango isiyopungua miezi 180. Miezi hiyo ihesabu mwenyewe.

Majina yako yalingane kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, vyeti vya shule na NSSF. Mimi herufi moja ilinipeleka kwa wakili kula kiapo, na malipo yakasubiri.

Mchezo wa kupeana hela kwa zamu mnaocheza ofisini sikukatazi, lakini ile ni hela ya kitanda na friji. Ya uzeeni itafutie mahali ambapo huifikii kwa hasira. Wenzangu wenye akili walinunua vipande vya UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kidogo kidogo kwa miaka mingi. Ukifikisha milioni moja unaweza hata kununua hatifungani kupitia Benki Kuu, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba mara mbili kwa mwaka. Akikuambia mtu hela yako itazaa mara mbili kwa mwezi, usimsikilize, hata akiwa wa kanisani kwetu.

Ukiolewa, siku hiyohiyo badilisha jina la mrithi kwenye SACCOS na benki. Baba yako mdogo aliandika jina la bibi yako akiwa kapera, hakulibadilisha. Alipofariki, mkewe, mama yako mdogo, alizunguka miezi 14, kikao cha ukoo, muhtasari, Mahakama ya Mwanzo, usimamizi wa mirathi, huku watoto wakirudishwa nyumbani kwa ada. Hakuna aliyemtakia mabaya. Karatasi tu haikuwa na jina lake.

Nirudi kwenye hela yako. Elfu 50 tumenunua mbolea ya parachichi. Elfu 150 nakurudishia kwenye simu leo jioni, na naomba usininunie. Wazee wangu walisema mtoto ndiye akiba, nami nilizaa nikiamini hivyo. Lakini ukinibeba mimi kwa mshahara wako wote, miaka 35 ijayo utaandika barua kama hii kwa mwanao. Tutumie elfu 30 ukiweza, mwezi ambao huwezi usitume, sisi hatutalala njaa. Hiyo 150 nunua vipande vya kwanza.

Hati ya kiwanja, barua ya PSSSF na wosia wangu viko kwenye sanduku la bati la bluu chini ya kitanda, na ufunguo anao mama yako. Krismasi ukija, njoo na taarifa yako ya NSSF. Tutakaa mezani na daftari jipya.

Baba yako