Huyo paka wa Sokoke asije mwezi wa saba

Tukuyu, 4 Juni

Mama Faraja, kamwene!

Hamjambo huko Mafinga? Huku ni ukungu asubuhi, ukungu jioni. Mama Ipyana anakusalimu, kikapu chako bado kiko kwake. Ndaga, yaani asante, kwa chai.

Sasa hilo la paka. Ati shemeji anakuletea mtoto wa paka wa Sokoke kutoka Kilifi mwezi wa saba, umweke ghalani alinde mahindi? Tafadhali mwambie asubiri mpaka mwezi wa kumi. Asili ya paka hawa ni joto la pwani ya Kenya, kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Mama mmoja aitwaye Jeni Slater alianza kuwafuga kule Watamu mwaka 1978, ndipo baadaye wakafika Denmark. Huko wanaishi, lakini ndani ya nyumba zenye joto. Manyoya yao ni mafupi, yamelala kwenye ngozi, na yale laini ya chini ya kuzuia baridi ni haba. Mwezi wa saba kwenu umande unaganda majanini!

Na ghalani hapamfai hata kiangazi. Miguu yake ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, kwa hiyo kuruka na kupanda ndiyo kazi yake. Isitoshe anawazoea sana watu wake. Ukimfungia peke yake kutwa atalia na kuparura kila kitu. Halafu ile sumu ya panya... panya aliyeila hafi papo hapo, anazubaa, paka anamdaka kirahisi na sumu inamhamia. Ukiona fizi zinatoka damu, mkimbize kwa daktari wa mifugo.

Alale ndani. Chukua katoni ndogo, toboa tundu la kumtosha kupita tu, tandika sweta kuukuu la sufi, uiweke juu ya kabati maana joto hupanda. Usiku wa baridi kali, viringisha chupa ya maji ya moto kwa kitambaa, uache nafasi ya yeye kujisogeza. Jiko la mkaa usimwachie chumbani mmefunga madirisha. Hewa yake inaua paka na watu.

Chakula kibadilishe taratibu kwa siku 7 hadi 10, la sivyo ataharisha. Mpe dagaa wa kuchemsha wasio na chumvi, maini kidogo, nyama. Ugali mtupu hauna taurini, kirutubisho cha kwenye nyama na samaki, na paka akiikosa muda mrefu macho hupofuka na moyo hudhoofika. Maziwa ya ng'ombe, hapana.

Yaani kwa baridi hiyo, mwezi wa saba kabisa usikubali.

Huyo mtoto ana umri gani? Asitengwe na mama yake kabla ya wiki 12. Amechanjwa kichaa cha mbwa? Shemeji ameulizia vibali vya mifugo vya mpakani? Mchana nani anabaki nyumbani, au Faraja amesharudi bweni? Na kule ghalani mmeshamwaga sumu? Nijibu kabla hajakata tiketi.

Wako,
Mama Tusa