Likizo yako njoo Rungwe, tukalale kwa bibi

Shoga yangu,

Meseji yako niliiona nikiwa kwenye kosta natoka Tukuyu, nikasema hii siijibu kwa vineno viwili vya simu, ngoja nifike nyumbani Mbeya nikae nikuandikie vizuri. Umeuliza likizo yako ya Julai ukija huku tunaenda wapi na kama kuna hoteli ya maana karibu na mlima Rungwe. Hoteli zipo, Tukuyu mjini ziko tele, za bei zote, ila mi naomba sana usilale hoteli. Twende tukalale kijijini kwa bibi mmoja ninayefahamiana naye, upande wa kusini wa mlima, yani ukitoka kwenye migomba yake unaingia shamba la mahindi, ukimaliza mahindi unaanza msitu wa hifadhi, hakuna kitu kingine hapo katikati.

Kwanini nang'ang'ania hivi, ni kwa sababu nimeona wageni wanavyokuja. Wanafika asubuhi na gari, wanalipia kibali cha TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, kwa kontroo namba, wanapanda, wanapiga picha, jioni wameshaondoka, na kijiji hakijauza hata kikombe cha chai. Halafu watu wa kijiji hicho hicho ndo wanaoambiwa mwaka mzima usikate mti, usitege, usichome majani. Inaniuma kwa kweli. Ukilala kwa mtu ukala chakula chake ukampa hela yake mkononi, hapo na yeye mlima unakuwa umemletea kitu.

Na chakula chenyewe sasa! Juzi tulifika jioni tumelowa, maana huku hata kiangazi manyunyu hayaishi, kuna upande wa huu mlima mvua inafika milimita 3,000 kwa mwaka. Bibi akatuvuta jikoni kwanza, mambo ya sebuleni baadaye. Alikuwa kwenye kigoda anamenya ndizi, mikono kaipaka mafuta ili utomvu usimgandie, anachana ganda kwa urefu na kisu kidogo, anaingiza dole gumba, ganda linatoka lote mara moja na ndizi inaangukia kwenye beseni la maji, hata haangalii, anaongea na sisi tu. Akazipanga kwenye sufuria juu ya maharage yaliyokwishaiva, akakata jani la mgomba akalipitisha motoni kidogo lilainike, akafunikia kwanza na jani ndipo akaweka mfuniko. Hamna kukoroga. Zikiiva zinakuja na maziwa mgando pembeni na parachichi, zile kubwa za kienyeji, maana zile za aina ya Hass wanauza zote kwa wanunuzi wa kusafirisha nje. Nilikula mpaka nikaona aibu, na yeye anazidi kuniongezea.

Wajukuu zake wanapiga goti kusalimia, na wewe ukishukuru sema ndaga fijo, yani asante sana kwa Kinyakyusa, bibi anafurahi mpaka basi.

Usiku ndo babu akatupa habari za kipunji. Huyu ni kima anayeishi huku kwetu Nyanda za Juu Kusini tu, yupo msitu wa Rungwe na ule wa Livingstone kwenye hifadhi ya Kitulo, na kule Iringa yupo msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, ukimtafuta kwingine kokote duniani humpati. Watafiti walimwona 2003 baada ya kusikia wanavijiji wa Rungwe wanamtaja taja, 2005 wakamtangaza kwa dunia, na 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, yani kundi lake peke yake kwenye majina ya kisayansi, kitu ambacho kwa kima wa Afrika hakikuwa kimetokea tangu 1923. Hesabu iliyotolewa 2008 ilikuta wako kama 1,100 tu jumla. Babu yeye anasema jina la kipunji kalikuta kwa babu zake, wawindaji walikuwa wanamjua vizuri kabisa. Mi nilifurahi sana kusikia hivyo, maana kwenye taarifa nyingi utadhani kabla ya 2003 msitu ule ulikuwa hauna watu pembeni yake.

Ila babu hakutuficha upande wa pili. Mahindi yakiwa mabichi, kipunji anatoka msituni anakula, na wanakuja kundi zima, kwa hiyo familia inapokezana zamu shambani na kugonga madebe ya kuwafukuza kuanzia alfajiri. Akasema, "Akila mahindi yangu ni mnyama wa serikali, mimi nikikata fito moja nimeshakuwa mwizi." Nikabaki kimya, sikuwa na la kumjibu. Ana haki kabisa. Na bado hajawahi kuwawekea mtego, na hataki kijana wake yeyote aingie kule na mbwa kuwinda, kisa maji. Bomba lao ni la mserereko, maji yanatoka kwenye kijito humo humo msituni yanashuka yenyewe bila pampu, na babu anakumbuka miaka walipokata miti juu ya chanzo kile kijito kikapungua mpaka wakawa wanagombania ndoo. Hiyo ndo sababu yake, haijatoka kwenye semina ya mtu.

Sasa kupanda. Tuliondoka asubuhi na mapema na mwongozaji, kijana wa hapo hapo kijijini, na vibali vyetu mkononi. Mlima una kama mita 2,960 na kileleni ni safari ya kutwa nzima, inachosha, wewe kama hujafanya mazoezi tuishie kwenye mianzi inatosha sana. Chini unaanza na miti mikubwa imevaa kuvu na vining'inia, kigiza giza, udongo mweusi laini unaoteleza balaa, njia nzima unashika mizizi. Ukipanda zaidi miti inapungua unaingia kwenye mianzi, imesongamana mpaka mnapita mmoja mmoja na mvua ya jana inawadondokea shingoni. Huko juu kabisa ni majani na vichaka na upepo.

Kipunji tulimsikia kabla ya kumwona. Sauti yake ni ya ajabu, kama mbwa anabweka huku anapiga honi, sijui nikuelezeje. Mwongozaji akatusimamisha, tukakaa pale kimya mbu wakitula, mara matawi yakatikisika huko juu na mmoja akatoka akakaa wazi kabisa. Manyoya ya kahawia marefu, uso mweusi, mashavu yamejaa ndevu, kichwani nywele zimesimama wima, na mkia mrefu ambao mwishoni ni mweupe mweupe. Alikuwa anachambua kitu kwenye gome la mti kwa vidole, taratibu, anakiangalia, anakitia mdomoni. Shoga, nililia. Kuna watu wanasoma habari za huyu mnyama huko Ulaya na hawatamwona maisha yao yote, na mimi nipo nyumbani mkoani kwangu namwangalia anakula. Siwezi kukuahidi kwamba na wewe utamwona maana wanahama hama, ila mbega ni rahisi zaidi.

Siku nyingine tunaweza kwenda Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu pale Kiwira, hayo ni ya nusu siku na hayana shida.

Vitu vya kubeba: sweta zito, koti la mvua, tochi, na gambuti, raba zako zile nyeupe ziache Mwanza. Choo ni cha shimo lakini kisafi sana, na maji ya moto ya kuoga bibi anakuwekea kwenye ndoo. Usilete majani ya chai, wanalima wenyewe! Leta sukari, sabuni za kufulia, na dagaa wa Mwanza wa kutosha, bibi amezoea usipa wa Kyela, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, na aliniambia hao wa kwenu anawasikia tu. Hela ya kulala na kula mimi nitaelewana naye kabla, ukifika usianze kupunguza bei tafadhali, ni kidogo kuliko hata chumba cha gesti. Mwongozaji analipwa kivyake. Mtoto mkubwa mlete, atapanda bila shida, yule mdogo bado.

Naomba tarehe mapema basi, ikiwezekana wiki hii, sababu bibi ana chumba kimoja tu cha wageni na Julai wanae wa Dar huwa wanakuja. Ukishakata tiketi nitumie jina la basi nije kukupokea stendi. Shemeji msalimie sana na watoto wote.

Mimi shoga yako,
mama mapacha